Mama anavaa gauni lile lile kila siku na asubuhi zetu zimekuwa vita

Safari hii barua tatu zote zinahusu nguo. Sikupanga iwe hivyo, zimekuja tu kwa pamoja, nikaona bora nizijibu kwa mpigo mmoja maana anayesoma ya kwanza kuna siku ataihitaji ya pili.

SWALI: Habari dada. Mimi naishi na mama yangu ana miaka 74, daktari alituambia ana dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na akili polepole, ile ya Alzheimer, tangu mwaka juzi. Mambo mengine tunaenda nayo, dawa anakunywa, usiku analala. Shida yangu ni asubuhi. Nikimwambia mama vaa tutoke anaingia chumbani anakaa hata nusu saa, nikienda kuangalia namkuta amekaa kitandani na nguo ya kulalia, kabati liko wazi, nguo zote ziko chini. Nikimchagulia mimi anakataa anasema hizo sio zake. Akivaa mwenyewe anatoka na sidiria juu ya blauzi, au anavaa gauni lake la bluu, lile lile, siku nne tano mfululizo, nikilichukua kufua analia kama nimemwibia. Juzi nilikuwa nachelewa kazini nikamvuta mkono nikamvalisha kwa nguvu, akanipiga kofi. Dada, mama hakuwahi kunipiga hata nikiwa mtoto. Nililia njia nzima. Na huyu ni mtu ambaye zamani hatoki nje bila nguo kupigwa pasi. Ndugu zangu wanasema anafanya makusudi. Ni kweli? Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Hapana, sio makusudi, na hao ndugu waambie waje wamvalishe asubuhi moja tu halafu tuongee.

Sasa nikuombe kitu. Kesho ukiwa unavaa, hesabu. Kwanza unajua leo ni siku gani na unaenda wapi, unajua kama kuna baridi au joto, unafungua kabati lina nguo arobaini unaziona zote ila akili yako inazitupa pembeni thelathini na nane bila wewe kujua, unachagua, unakumbuka kwamba chupi inatangulia sketi, unajua mbele ni wapi nyuma ni wapi, mkono unatafuta tundu la mkono na sio la kichwa, halafu vifungo, zipu, kola. Sisi tunaita kitu kimoja, kuvaa. Kwa ubongo ni mnyororo mrefu, na dimenshia inakata pete moja moja. Akifika pale palipokatika anasimama. Ndo hiyo nusu saa unayomkuta amekaa kitandani, hajagoma, amekwama.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza sio kumvalisha, ni kujua anakwama wapi, umsaidie hapo tu. Hili ndo kosa wengi tunafanya, mtu kashindwa kuchagua basi tunamfanyia yote mpaka vifungo, na kumbe vifungo alikuwa anaviweza vizuri tu, na ukimfanyia mwezi mmoja mfululizo anasahau kweli.

Madaktari wana kipimo kinaitwa FAST, alikitengeneza daktari wa Marekani anaitwa Barry Reisberg na wenzake, kinafuata hatua za Alzheimer kwa kuangalia mtu anaweza kufanya nini. Hatua ya 5 kwenye hicho kipimo ni pale mtu anaposhindwa kuchagua nguo inayofaa, mikono bado inaweza ila uamuzi ndo umekwenda. Hatua ya 6 inaanza pale anapohitaji msaada wa kuvaa kwenyewe, halafu kuoga, halafu choo. Ukisikiliza barua yako mama yuko hapo katikati, kuchagua kumemshinda na mpangilio nao umeanza kuyumba, ndo maana ya sidiria juu ya blauzi. (Wenye dimenshia za aina nyingine msijipime na hicho kipimo, kilitengenezwa kwa ajili ya Alzheimer, nyingine zinakwenda na njia zake.)

Tuanze na kabati basi. Punguza nguo, na uzipunguze akiwa hayupo hapo, sio mbele yake utaonekana mwizi kweli. Acha chache anazozipenda na zinazofaa kwa hali ya hewa ya sasa, zingine weka chumba kingine usizigawe bado. Halafu lile swali la "mama utavaa nini leo" liache kabisa, swali hilo linampeleka kwenye nguo arobaini. Shika mbili, moja mkono huu moja mkono huu, "mama, hii ya njano au hii ya kijani?" Mpe muda. Akigusa moja hilo ni jibu, hata kama hajasema. Itafika siku mbili nazo zitakuwa nyingi, utajua kwa sababu atakuwa anaangalia huku na huku bila kushika yoyote, hapo unamletea moja tu unasema blauzi yako hii hapa, inapendeza, basi.

Akisema sio zake usibishane. Mara nyingi ni zile alizonunuliwa karibuni, kichwani mwake hazipo, anazozikumbuka ni za zamani, kwa hiyo kwake yeye anasema ukweli. Kama una picha amevaa nguo hiyo mwonyeshe saa ingine inasaidia, isiposaidia weka pembeni lete nyingine.

Gauni la bluu. Mi kwa kweli gauni la bluu silioni kama tatizo, tatizo ni uchafu. Tafuta mengine mawili yanayofanana, kama huwezi kupata yale yale basi rangi hiyo hiyo na kitambaa kinachofanana ukikishika. La jana unaliondoa usiku akishalala au akiwa bafuni, na pale pale lilipokuwa unaweka safi. Asubuhi anakuta gauni lake lipo. Hamna kilio. Na usimwambie linanuka, Alzheimer inapunguza uwezo wa kunusa mapema tu, hasikii hiyo harufu unayoisikia wewe, ataona unamtukana.

Kwenye mpangilio kuna njia mbili. Ya kwanza unazipanga kitandani kwa foleni, ya ndani inatangulia kushikwa. Angalia rangi za shuka, nguo nyeupe juu ya shuka nyeupe haioni, na shuka la maua maua nalo linamchanganya, sio macho ni ubongo unashindwa kutenganisha nguo na kilicho nyuma yake. Tandika kitu cha rangi moja tofauti na nguo. Ya pili, kama hiyo foleni bado inampoteza, unampa kimoja kimoja mkononi kwa mpangilio, na kingine hakionekani mpaka cha kwanza kimeingia.

Halafu ongea kidogo. Hapa nitajisema mwenyewe. Nilimuuguza baba yangu miaka minne na mwanzoni nilikuwa redio, "baba vaa shati, sio hivyo, geuza, huo mkono mwingine, haya haraka", na yeye anazidi kuganda shati liko mkononi ananitazama. Siku moja sauti ilinikauka kwa mafua, nikawa namwonyesha tu kwa ishara, akavaa! Nikajifunza kwa mafua. Neno moja kwa wakati mmoja, "mkono hapa", halafu nyamaza. Mi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla sijasema tena, na kumi ni ndefu sana ukiwa unachelewa. Ukiona haanzi, mwanzishie, ingiza kidole gumba chake kwenye tundu la mkono wa nguo kisha uachie, mara nyingi mwili unaendelea wenyewe. Hii hali ya mkono kuwa na nguvu zake zote lakini umesahau mwendo madaktari wanaiita apraksia, kwa hiyo ukisikia nesi analitaja neno hilo usishtuke.

Sasa kofi. Jiweke upande wake. Mtu anakuja kutoka pembeni, anakushika mkono, anakuvua nguo, huelewi anataka nini na huna hakika ni nani. Wewe ungefanyaje? Uje kwa mbele akuone, uwe usawa wa macho yake, sema unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Na angalia bega lake, nasema kweli, wazee wengi wana mabega na vidole vinavyouma na hawawezi kukwambia, wewe unaona ukali kumbe ni maumivu. Mtazame uso unapoinua mkono wake, akikunja uso basi achana na nguo za kupitishia kichwani, tafuta za kufunguka mbele zenye vifungo vikubwa na sketi au suruali za mpira kiunoni, sidiria ya kufunga mbele au fulana ya kubana kidogo badala yake.

Akikataa toka. Nenda kafanye kingine dakika kumi na tano ishirini urudi na uso mpya kama vile ndo mara ya kwanza, mara nyingi na yeye amesahau ule ugomvi. Lakini hisia haisahau haraka hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha watu wenye Alzheimer vipande vya filamu vya huzuni na vya furaha, baadaye wengi hawakukumbuka walichokiona ila huzuni na furaha yenyewe ilikuwa bado iko nao. Ndo maana nakwambia uliyemvuta mkono umwombe msamaha hata kama hakumbuki, sauti ya upole nayo inabaki.

Kuhusu kuchelewa kazini hapo sina dawa ya ajabu. Anza mapema, au siku za haraka mvalishe nusu, juu tu, chini avae utakapopata mtu wa kukusaidia. Kuna asubuhi atatoka na soksi mbili tofauti na blauzi ameigeuza. Mwache. Umesema alikuwa mtu wa kupendeza, basi hiyo ndo silaha yako, mpe hereni achague, mpake mafuta mazuri, mwambie amependeza akiwa amependeza kweli, mwombe ushauri hata wa nguo yako wewe. Ila kioo kiangalie, kuna wanaofika wakati wanamwona mtu mgeni humo ndani wanaogopa kuvua nguo mbele yake, ikifika hapo kifunike na kitambaa.

Moja la mwisho kabla sijaenda kwa mwingine. Haya yote yanakuja polepole, kwa miezi. Kama mtu aliyekuwa anavaa vizuri wiki iliyopita ghafla leo hawezi kabisa, amechanganyikiwa kuliko kawaida au analala sana, usisubiri, mpeleke kwa daktari, inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo au kifua, choo kigumu, kukosa maji mwilini au dawa mpya aliyoanza.

SWALI: Dada habari za kazi. Mzee wangu ana miaka 81, alipata kiharusi mkono wa kushoto ukawa dhaifu na baada ya hapo akili nayo ikaanza kupotea. Ana vituko viwili, anavua suruali sebuleni hata wageni wakiwepo, na siku nyingine anavaa mashati matatu na koti juu wakati jua linawaka. Anayebaki naye mchana ni mke wangu, na yeye anaona aibu kubwa kumvua na kumvalisha baba mkwe. Naomba ushauri.

JIBU: Kaka, hiyo suruali ni sentensi. Anasema kitu na maneno hana. Chukua daftari wiki moja uandike saa ngapi amevua na kabla ya hapo alikuwa anafanya nini, utaona mtindo unajitokeza. Wengi ni mkojo, anasikia kibofu kinabana, hakumbuki choo kiko wapi, ila anakumbuka kwamba suruali inatakiwa ishuke. Kama ndo hivyo mpeleke chooni kabla ya muda wake na mlango wa choo uachwe wazi akione. Wengine ni joto, au mpira wa kiuno umebana, lebo ya shingoni inakwaruza, nguo imelowa kidogo, au amechoka tu na kuvua nguo kwake maana yake ni kulala. Ukikata lebo na kubadilisha suruali unaweza kushangaa.

Ikitokea mbele ya watu usipige kelele wala kucheka. Weka shuka au taulo kubwa karibu na kiti chake, mfunike, mwongoze chumbani taratibu, wageni waeleze kwa maneno mawili, mzee anaumwa. Kuna nguo zinazouzwa au kushonwa zinafungwa nyuma ili mtu asiweze kujivua mwenyewe, mi nazionea wasiwasi, zinamnyima na uhuru wa kwenda chooni, ziwe za mwisho kabisa ukiwa umeshindwa kila kitu na umeongea na daktari wake.

Mashati matatu. Inawezekana amesahau kwamba ameshavaa, anaona shati anavaa, anaona lingine anavaa. Dawa yake ni asione lingine, nguo ya leo iwe moja tu pale anapofikia. Ila pia usidhani baridi anayosema ni uongo, wazee wanasikia baridi sisi tukiwa tunatoka jasho, kwa hiyo fulana nyepesi ndani na shati la pamba juu ni bora kuliko koti. Siku za joto kali usigombane naye mlangoni, msubiri aketi atulie, "baba nipe koti nilitundike", mara nyingi anatoa bila neno. Mpe maji, na mguse mgongoni uone jasho.

Mkono dhaifu una kanuni yake na wanaofundisha wagonjwa wa kiharusi wanairudia kila siku: wakati wa kuvaa mkono dhaifu unaingia kwanza, wakati wa kuvua unatoka mwisho. Ukigeuza utapigana na shati na bega litaumia. Usivute ule mkono kwa kiganja, ushike kiwiko kwa chini. Na avae ameketi, kwenye kiti kigumu chenye mikono, sio ukingo wa kitanda unaobonyea, suruali mpaka magotini ameketi halafu anasimama mara moja tu unaipandisha.

Kuhusu mkeo. Mwambie aibu yake sio utovu wa upendo, na usimlazimishe. Na mzee pia ana aibu yake, saa ingine anamkatalia mkamwana kwa sababu bado ni mwanaume na anajua huyu ni nani kwake, hiyo ni heshima imebaki ndani, iheshimu. Zile za ndani mvalishe wewe asubuhi kabla hujatoka na jioni ukirudi. Katikati ikibidi mkeo afanye, wafanye nusu nusu, taulo linafunika chini wakati wa juu na linafunika juu wakati wa chini, hakuna dakika ambayo mzee yuko mtupu mzima, na yeye mkeo anaweza kuwa anaangalia pembeni anaongea naye mambo mengine kabisa. Kama kuna kijana wa kiume kwenye ukoo ana nafasi ya saa moja mchana, mwombeni, watu wanapenda kusema "nikusaidie nini" na hamuwaambii.

SWALI: Bibi yangu ana dimenshia, hataki viatu, anataka malapa yake ya zamani tu na ameshaanguka mara mbili. Miguu inavimba. Anakaa na sisi wajukuu.

JIBU: Malapa yafiche leo hii mjukuu wangu, hayo sio ya kubishania. Kinachoteleza kisigino na kukokota chini ndo kinachoangusha wazee. Mtafutie kiatu kilichofunga kisigino, bapa, soli isiyoteleza, kipana mbele, cha kufunga kwa kubandika sio kamba. Rangi jaribuni ifanane na ya malapa, ataona ni ndugu zake. Mkipima pimeni jioni ndo mguu umevimba, ukinunua asubuhi kitabana. Soksi zisiwe na mpira unaoacha alama.

Mkimvalisha tumieni nafasi hiyo kuangalia miguu, kati ya vidole, kucha, kisigino, kidonda kidogo hatawaambia. Uvimbe wa miguu yote kwa muda mrefu daktari auone, ila ukivimba mguu mmoja ghafla na unauma, au anahema kwa shida, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na kabla hamjamwingiza mguu ingizeni mkono kwanza ndani ya kiatu, wanaficha vitu humo. Miwani ya baba tuliitafuta wiki mbili, tukamtuhumu mpaka mtoto wa jirani, ilikuwa kwenye kiatu cha kulia imefungwa vizuri na soksi.